Delta haidai miche, yadai maji

Ukipanda mtumbwi Mkupe maji yakianza kujaa, ukauacha mji wa Mombasa nyuma na kuingia ndani kuelekea mlango wa mto Mwache, kuna mahali mzee anayekuvusha huacha kupiga kasia na kunyoosha mkono. Mgeni hana cha kutazama hapo. Ni uwanja mpana wa mchanga wa kahawia, na visiki vya mikoko vimechomoza humo kama meno ya kikongwe. Mara ya kwanza nilishuka nikijua nitazama hadi magotini, kama tunavyozama kote kwenye tope la mikoko. Sikuzama. Nilitembea kwa viatu.

"Huu si mchanga wa pwani," mzee aliniambia. "Huu ni wa Kinango. Zamani mto ukija na maji, mwanangu. Sasa waja na mashamba ya watu."

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizoleta sehemu kubwa ya mzigo ule. Huko juu Kinango vilima vilikuwa vimeshakwanguliwa: miti imekatwa makaa, mashamba yamelimwa kufuata mteremko, mifugo imekanyaga ardhi hadi ikawa vumbi. Mto ukauteremsha udongo wote hadi mkono wa bahari wa Port Reitz na kuumwaga juu ya mizizi. Mkoko na mchu, aina mbili za miti hii, hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Ukiifunika, mti unakufa umesimama. Mvua kubwa za 2006 zikaongeza. Watafiti waliolinganisha picha za miaka tofauti walikuta kwamba kati ya 1992 na 2009 eneo la Mwache lilipoteza takriban asilimia 45 ya mikoko yake, na hori ya Tudor, mkono mwingine wa bahari upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, zaidi ya asilimia 80. Tudor ina mengine ya kwake: shoka, maji taka, na moto wa wapika chang'aa unaokula kuni usiku kucha.

Sasa kila mahali kuna wito wa kurejesha mikoko. Serikali inataka miti, wafadhili wanataka hewa ya ukaa ipungue, vijana wa mitaa ya kandokando ya hori wanataka kazi, na kampuni zinataka kuonekana zikifanya jema. Nami nataka mikoko irudi, tena nataka sana. Lakini nimeudurusu mjadala huu kwa miaka kadhaa na naona hesabu yenyewe inafanywa vibaya. Tunahesabu gharama ya miche na faida ya hewa ya ukaa, kisha tunajumlisha. Gharama halisi ya kurejesha delta, yaani pale mto unapomwaga maji na tope lake baharini, haiko kwenye miche. Iko kwenye maji na ardhi ambavyo mtu fulani atalazimika kuviachia, na mtu huyo kwa kawaida hayumo katika mkutano.

Tuanze na miche, kwa sababu ndiyo rahisi kuhesabu. Ukipanda kwa mita moja moja, hekta moja inakula miche 10,000. Tuseme mche, pamoja na kuutunza kitaluni na kuupanda, unagharimu shilingi 20. Hekta ni shilingi 200,000. Upande wa faida tuna mfano mzuri wa hapa hapa Pwani: Mikoko Pamoja ya ghuba ya Gazi, Kwale, iliyoanza 2013 na kusimamiwa na wanakijiji wenyewe kwa msaada wa watafiti. Wana hekta 117, na katika miaka ya mwanzo mauzo ya hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa hewa ambayo mikoko yao inaifunga, yaliwaletea takriban dola 12,000 kwa mwaka. Gawanya: ni dola 100 na kitu kwa hekta, kama shilingi 13,000. Kwa hesabu hiyo pekee, hekta yako mpya itachukua miaka 15 kurudisha fedha zake. Na hapo nimekupa miche yote hai. Nusu ikifa na ukapanda tena, unasogea hadi miaka 23, na bado sijasema kwamba mche wa mwaka mmoja haufungi hewa ya ukaa kama mti wa miaka thelathini.

Kuna jambo ambalo watu hulipita haraka katika habari za Gazi. Sehemu kubwa kabisa ya hekta zile 117 ni msitu wa asili ambao haukuwahi kufa. Walichouza zaidi ni ulinzi, na mapato yamewapa maji ya bomba na vitabu vya shule bila kuanza na uwanja mtupu. Kulinda kilichopo ni rahisi mara nyingi kuliko kufufua kilichokufa, na kama mtu angenipa shilingi milioni moja leo kwa ajili ya mikoko ya Mombasa, nyingi ningezipeleka kwenye ile iliyobaki hai Port Reitz kabla ya kununua mche hata mmoja.

Nimeona miche ikifa. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika siku ya upandaji kwenye hori moja ya hapa mjini. Tulipewa fulana, tukapangwa mistari, tukapanda mbegu za mkoko mia kadhaa kwa saa mbili wakati maji yamekupwa. Mama mmoja anayetanda uduvi pale alisimama na ndoo yake akitutazama, kisha akasema kwa upole kabisa, "Wanangu, hapa mawimbi ya bamvua hupiga. Hapa hapajaota mkoko tangu nizaliwe." Hakuna aliyeandika maneno yake. Baada ya bamvua mbili, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, nilirudi. Mistari ilikuwa imeondoka yote, imebaki mbegu tatu zimelala ubavuni. Waliotualika hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na lengo la idadi ya miche, na idadi ilitimia siku ile ile saa sita mchana. Ufilipino na Sri Lanka zimepoteza fedha nyingi kwa njia hiyo hiyo, zikipanda mkoko pale palipo wazi na rahisi kufika badala ya pale mikoko inapopenda. Mikoko huota yenyewe, bure, ikiwa maji yanafika kwa kiasi chake na mbegu zina njia ya kuingia. Mahali isipoota, kuna sababu, na sababu hiyo haiondoki kwa kuchomeka mche juu yake.

Kwa hiyo turudi kwenye maji, na tukishataja maji hatuna budi kwenda mto Tana.

Mombasa na delta ya Tana zimeshikana kuliko tunavyokumbuka. Nyumba ya bibi yangu huko mtaa wa Kuze, kama nyingi za Mji wa Kale, ina vyumba vyembamba virefu, na upana wake haukuamuliwa na fundi bali na boriti. Boriti ya mkoko ina urefu wake, chumba hakiwezi kuupita. Boriti hizo zilikuja kwa jahazi kutoka kaskazini, Lamu na milango ya mito ya huko, na nyingine zikienda Arabuni kwa wingi, hadi usafirishaji nje ya nchi ukapigwa marufuku 1982. Kamba tunaowala nao, wale wakubwa wa Ghuba ya Ungwana, wanakua kwa sababu Tana na Sabaki zinaleta maji matamu na rutuba baharini. Na taa iliyo juu ya kichwa changu ninapoandika haya ina deni kwa mto huo huo: mabwawa matano ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, yana uwezo wa karibu megawati 600.

Kabla ya mabwawa, na hasa kabla ya Masinga iliyokamilika 1981 kwa kazi ya kuhifadhi maji, Tana ilifurika mara mbili kwa mwaka, mvua za mwaka na za vuli. Mpokomo alipanda mpunga maji yakianza kupungua, juu ya tope jipya asilolilipia mbolea. Kambare walizaana katika mabwawa yaliyoachwa na mafuriko. Ukame ulipokaza, Muorma alishuka na ng'ombe wake kupitia malka, zile njia za kufikia maji, akakuta majani mabichi wakati kila mahali kwingine ni vumbi. Mafuriko yale yale yaliwalisha mkulima, mvuvi na mfugaji kwa miezi tofauti. Bwawa limeyashika. Umeme wake naupata mimi Mombasa, na ndugu yangu Nairobi, ambaye hata maji yake ya kunywa kwa sehemu kubwa hutoka katika vyanzo vya Tana. Aliyelipa ni mkulima wa Ozi, kijiji cha huko delta, anayechota maji ya mto na kuonja chumvi, kwa sababu mto hauna tena nguvu ya kuisukuma bahari. Kamba hukatikia pabovu.

Wapo wanaosema basi fungulieni maji, delta irudi ilivyokuwa. Ningependa iwe rahisi hivyo. Kwanza, irudi ilivyokuwa lini? Mto wenyewe haujatulia. Karne ya 19 Sultani wa Witu alichimbisha mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na Tana ukaishia kuhamia huko na kumwaga Kipini. Msitu na mashamba tunayoyataka yarejeshwe leo yaliota kufuata mkono wa binadamu. Tukisema "kurejesha" tunachagua mwaka, na kila mwaka una watu wake waliofaidi.

Pili, mafuriko yanayolisha na mafuriko yanayoua ni maji yale yale. Mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilipofurika, maelfu walihama Garissa na Tana River, vijiji vikazama, barabara zikakatika. Mtu aliyelala kambini juu ya turubai hataki kusikia kwamba mafuriko ni baraka. Tofauti ya baraka na msiba hapa ni vitu vitatu: maji yanakuja lini, mtu ameambiwa siku ngapi kabla, na nyumba yake ilijengwa wapi. Vyote vitatu vinagharimu fedha, na katika makabrasha ya miradi ya urejeshaji niliyopata kuyasoma, mstari wa kuwaonya watu na kuwahamisha kwa hiari ndio mwembamba kuliko yote.

Tatu ni ardhi, na hapa sitaki kusema kwa wepesi. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana katika mapigano kati ya jamii za wakulima na wafugaji. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwemo, lakini chini yake kulikuwa na ardhi na njia za maji zilizokuwa zikibanwa, na miradi mikubwa iliyotaka makumi ya maelfu ya hekta kwa miwa na mimea ya mafuta. Mwezi Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru kwamba delta isiendelezwe kiholela bila mipango ya matumizi ya ardhi iliyowashirikisha wenyeji. Kabla ya hapo, mwaka 2012, eneo la zaidi ya hekta 160,000 lilikuwa limeingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni heshima kubwa. Lakini ukimwendea mkulima ukamwambia kingo anazolima sasa ni za kurejeshwa, majani yaote, ndege warudi, yeye anasikia kwamba shamba lake linapewa ng'ombe wa mwenziwe. Na kiboko anayerudi pamoja na maji hali majani ya hifadhi peke yake, huingia kwenye mpunga. Mamba naye anarudi. Mbu wanarudi. Hizo ni gharama, ziandikwe upande wa gharama, na aliyezibeba alipwe.

Je, kuna mahali hesabu imekubali? Mimi humtazama jirani wa mbali, delta ya mto Senegal. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilifungwa karibu na bahari ili kuzuia maji ya chumvi yasipande mtoni, wakulima wa mpunga wamwagilie. Juu ya bwawa maji yakawa matamu mwaka mzima, konokono wakazaana, na kichocho kikalipuka Richard-Toll kwa kasi iliyowashtua madaktari. Sehemu ya sababu ni kwamba bwawa liliwazuia kamba wa mtoni wanaopanda na kushuka kuzaliana, na kamba hao ndio waliokuwa wakila konokono. Chini ya bwawa, upande wa Mauritania, ikawa jangwa la chumvi. Mwaka 1991 wakatangaza hifadhi ya Diawling, na kuanzia 1994 wakaanza kufungulia maji kwa milango maalumu, kwa msimu, wakiiga mafuriko ya zamani. Kwa miaka michache mkizi walirudi, ndege walirudi, na yakarudi majani ambayo wanawake wa kule husukia mikeka ya kuuza. Nikisoma habari hizo nawaona mama zetu na ukili wao. Aliyefaidi kwanza Diawling ni mwanamke msusi, na alifaidi ndani ya misimu michache. Hakuambiwa asubiri miaka 23.

Kilichowasaidia si utajiri. Ni kwamba walipanga maji kabla ya kupanga miti, na wakawauliza wavuvi, wafugaji na wasusi maji yaje mwezi gani na yaondoke lini. Marekani ilikwenda njia nyingine. Louisiana, kwenye mlango wa Mississippi, walikuwa na mradi wa karibu dola bilioni 3 wa kuuelekeza mto uingie kwenye bonde la Barataria, ulete matope na kujenga upya ardhi inayomezwa na bahari. Kazi ilianza 2023 na ikafutwa Julai 2025. Gharama zilikuwa zimepanda, na wavuvi wa chaza na kamba walikuwa wamepinga tangu mwanzo, kwa sababu maji matamu yangeua chaza wao. Ninaamini mradi ule ulikuwa sahihi kisayansi. Ninaamini pia kwamba wavuvi walikuwa na haki ya kuogopa.

Nimekwenda mbali makusudi, kwa sababu sasa nataka turudi Mkupe, ambako zamu imetufikia sisi.

Bwawa la Mwache linajengwa Kinango kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, na linatarajiwa kutoa mita za ujazo 186,000 za maji kwa siku, nyingi zikija Mombasa. Hakuna mtu wa mji huu atakayelipinga kwa moyo mweupe. Tumechoka na mkokoteni wa maji. Tumechoka na mitungi kupangwa mlangoni, na mabomba yanayopiga kelele ya hewa wiki nzima. Tunakunywa chemchemi za Mzima, tunakunywa mto Sabaki kupitia visima vya Baricho, na bado kiu haiishi. Lakini mto Mwache unaishia kwenye hori yetu wenyewe. Kwa miaka mingi tumezungumzia delta ya Tana kama dhambi ya watu wa bara wanaotaka umeme. Bwawa la Mwache likijaa, watu wa juu ya mto tutakuwa sisi, na mzee wa Mkupe atakuwa kwetu kama mkulima wa Ozi alivyo kwa Nairobi.

Hesabu ya hapa ina utata ambao sijaona ukielezwa vizuri hadharani. Mikoko ya Mwache haikufa kwa kukosa matope, ilikufa kwa kuzidiwa nayo. Bwawa litashika mchanga, na kwa miaka ya mwanzo hilo huenda likawa nafuu kubwa kwa mizizi iliyobaki. Mtu anaweza kusema bwawa lenyewe ni mradi wa urejeshaji. Nakubali nusu. Delta hula tope kidogo kila mwaka kama mtu anavyokula chakula. Ukimshindilia anakufa, ukimnyima pia anakufa, ila polepole. Bahari inapanda, na mikoko isiyopata tope la kujiinua hubaki chini. Tena mchanga uliokwisha kutuama hauondoki wenyewe. Unaondolewa na mto ukija kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo ambayo bwawa litaishika.

Sasa tupime gharama ya kuiachia. Tuseme kwa mfano tu kwamba tunataka mita za ujazo milioni 10 ziende hori kila mwaka kwa mpigo. Gawanya kwa 186,000 za kila siku: ni siku 54 za maji ya mji. Siku hamsini na nne! Hakuna gavana atakayesimama mbele ya akina mama wa Kisauni kiangazi na kutetea hilo, wala mimi sitamwomba. Lakini bwawa halijai na kupungua sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mvua kubwa maji hupita juu ya ukingo yatake yasitake, na kuyafungulia mapema kidogo, kwa wakati uliochaguliwa, hakugharimu karibu chochote isipokuwa utabiri mzuri na mtu wa kupiga simu vijijini. Mwaka wa ukame mji unywe, delta ivumilie. Mikoko imeizoea miaka mibaya. Isichoweza kukivumilia ni miaka mibaya yote ishirini mfululizo, na ndiyo itakayokuja ikiwa kanuni za kufungulia maji zitaandikwa bila hori kutajwa.

Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza ya kurejesha delta ya Mwache isitumike Mkupe kabisa. Itumike Kinango, kwenye matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia udongo usiteremke, kwenye mashamba yanayoteleza kila mvua ikinyesha. Mkulima wa Kinango akichimba matuta anajifaidi mwenyewe kwa mahindi, analifaidi bwawa lisijae mchanga kabla ya wakati, na anaifaidi hori. Ni kazi moja yenye malipo matatu, na ni nadra kupata hivyo katika mambo ya mazingira. Hata hivyo yeye ndiye anayetoa jasho na sehemu ya shamba inayoliwa na matuta, na mwenye kunufaika zaidi ni mwenye bomba Nyali. Senti chache juu ya kila mita ya maji inayolipiwa Mombasa, zikienda moja kwa moja kwa wenye matuta, zingekuwa bei halali ya kitu tunachokipata bure.

Nikitaja kuongeza bili najua nitakavyopokelewa. Basi nikumbushe kitu. Njia ya Makupa iliyojengwa kwa kifusi enzi za mkoloni iliziba mkono wa bahari kwa zaidi ya miaka tisini, maji yakasimama, pakawa pananuka. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa, kifusi kikaondolewa, maji yakapita tena. Gharama ilikuwa takriban shilingi bilioni 4.5. Lilikuwa daraja la magari na tulilitaka kwa ajili ya magari, lakini tulichonunua pia ni bahari kupumua, na sijasikia mtu akitaka shilingi zake zirudishwe. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilipoamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi na bandari mpya, nchi hii iliweka bei iliyo wazi juu ya tope, mikoko na mkondo wa maji. Waliosema ardhioevu haina thamani ya kupimika walijibiwa kwa hukumu.

Mtaniuliza: ukijumlisha yote, inalipa? Kwa Mwache nasema ndiyo, ikiwa tutaanza na vilima na kanuni za bwawa, na miche ije mwisho, pale tu mikoko ikishindwa kujiotesha. Kwa Tana nasema ndiyo kwa sehemu, na kwa sharti kwamba hakuna ekari moja itakayoitwa ya kurejeshwa kabla ya anayeilima na anayechunga juu yake kukaa mkeka mmoja wakakubaliana, na kufidiwa kwa yule anayepungukiwa. Kwa Tudor, nasikitika, bado sijui kupanda nini juu ya maji taka. Mfereji wa choo kwanza.

Safari yangu ya mwisho nilimuuliza mzee, kama angepewa ufunguo wa lile bwawa, angelifungua lini. Nilidhani atacheka. Aliweka kasia mapajani, akafikiri, akahesabu kwa vidole miezi ya Kiislamu kisha ya kizungu.

"Mvua za mwaka zikishakolea," alisema. "Siku tano, sita. Lakini si siku yoyote, uangalie mwezi. Maji ya mto yafike hapa bamvua linapokupwa, yakutane na maji yanayotoka, yavute mchanga huu yaupeleke kilindini. Ukifungua maji mafu, bahari haina nguvu ya kuvuta, utaniongezea mchanga tu."

Nilimwomba arudie polepole, nikaandika. Meza inayopanga kanuni za Mwache inahitaji karatasi hiyo kabla bwawa halijaanza kujazwa.